Datsun 240Z ya Tabora yenye injini ya Patrol: shajara ya mradi

Kiangazi kinaanza

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, stelingi kulia, gia tano. Imekaa chini ya mwembe Isevya tangu enzi za petroli ya risasi, na ile petroli huku kusini mwa Sahara iliondoka 2006 kwahiyo piga hesabu mwenyewe. Nimeinunua kwa familia ya mzee mmoja aliyekuwa anasafirisha tumbaku, mwenyewe keshatangulia mbele za haki, na mjane wake hakubishana sana bei, alichotaka ni kimoja tu, "mwanangu iondoe hapo nipate pa kuanikia mpunga." Tukaivuta na trekta ya jirani mpaka kwetu Cheyo, tairi zote nne hazina upepo, watoto nyuma wanakimbia wanashangilia utadhani Mwenge umepita.

Sasa nilichokuta. Injini iliyomo siyo iliyozaliwa nayo. 240Z inatoka kiwandani na L24, silinda sita mstari mmoja, cc 2,393, lakini hii pale ubavuni mwa bloku penye namba imepigwa L28. Wenyewe wanasema ilitoka kwenye Nissan Patrol, ile 160 ya miaka ya themanini, na inaingia akilini kabisa maana Patrol zile za petroli zilikuwepo zenye L28 kweli, cc 2,753, na hizi injini ni familia moja, giaboksi inakubali bila kuchonga kitu, cha kubadilisha ni sampo (beseni la oili chini ya injini) na bomba la kunyonyea oili ili zikae kwenye gari fupi. Mzee alichukua bloku ya Patrol akaivalisha hedi yake ya zamani ya L24, yaani kile kipande cha juu chenye valvu. Hedi ile chemba zake ni ndogo, ukiiweka juu ya bloku kubwa kompresheni inapanda, yaani Patrol ya kubebea magunia ikageuka kitu kingine. Aliyemshauri alijua kazi.

Chini ya injini kuna bamba la chuma, zito, mimi na dogo tulilishusha kwa jeki. Springi zimenyanyuliwa. Bampa ya mbele haipo, kuna baa ya kushikia taa za ziada. Bodi ilikuwa nyeupe ikapigwa nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa.

Nyekundu na boneti nyeusi haikuja hivihivi. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari na 240Z ya rangi hizohizo, na ya pili ikawa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. 1973 Mehta akalichukua kombe mwenyewe akiwa na Lofty Drews, tena walifungana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS, ikabidi iangaliwe nani alienda mbali zaidi bila adhabu. Na zamani zile mbio zilikuwa za Afrika Mashariki kweli, zinaingia mpaka kwetu Tanzania, siyo za Kenya peke yake kama zilivyokuja kuwa baadae. Mzee wa tumbaku alikuwa kijana kipindi hicho. Gari yake ni jibu la zile.

Kwahiyo msimamo wa mradi huu nauandika mapema nisije nikasumbuliwa. Kila anayeiona ananiambia tafuta L24, rudisha nyeupe, toa bamba, weka bampa, irudi orijino. Orijino ya wapi? Ile iliyotoka Japani iliishi miaka michache, hii ya Patrol ndo iliyokwenda Sikonge na Urambo na kurudi na gunia za asali nyuma. Naitengeneza iwe kama ilivyokuwa Tabora. Kitakachobadilika ni kile kinachoweza kuniua, basi: breki, nyaya, na bodi iliyooza.

Mwezi wa sita, bodi

Tabora kutu sio kali. Mvua zikikata mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja huko hewa ni kavu, gari ya hapa ukiilinganisha na iliyokaa Dar karibu na bahari ni mbingu na ardhi. Tatizo la hii ni mwembe. Kwenye 240Z chini ya kioo cha mbele kuna sanduku la hewa, yale matundu unayoyaona nyuma ya boneti, maji yanayoingia humo yana vitundu vyake vya kutokea pembeni nyuma ya madigadi. Majani ya mwembe yameingia mle mwaka hadi mwaka yakaoza yakaziba vitundu, basi maji yakawa yanakaa, yakatoboa, yakashukia ndani miguuni kwa dereva. Tulitoa mboji ndoo kwa ndoo. Shangazi akaichukua yote kwa ajili ya mchicha wake na ninavyoandika hapa mchicha umestawi kuliko mradi.

Kapeti ilivyotoka, sakafu upande wa dereva ukibonyeza kidole kinapita. Chini ya betri napo pameliwa na asidi, hii ni kawaida ya hizi gari. Na zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu, chuma chake chembamba sana, watu wamepigia jeki humo miaka yote zimebonyea, ndani zimejaa vumbi la barabara limeshindiliwa.

Fundi bodi wangu ni mzee aliyeanzia kazi reli. Alizunguka gari anagonga na mpini wa bisibisi, anasikiliza, anasonga, hasemi kitu. Mwisho akaniambia, "Kijana, hii haina chesisi."

"Ndiyo mzee wangu, bodi yenyewe ndo chesisi."

"Basi haikatwi kwa pupa. Ukikata kote kwa mpigo milango haitafunga tena mpaka uzeeke."

Na ndivyo tulivyofanya. Milango ikabaki imefungwa tukapima uwazi pande zote, kisha ikatolewa na pale mlangoni ikachomelewa nondo ya kushikilia mbele na nyuma visivutane, gari ikakaa juu ya stendi sehemu nyingi sio mbili tatu, unakatwa upande mmoja uishe kabisa ndo uhamie wa pili. Spoti za kiwandani, vile vidoa vya kuchomelea, hazipasuliwi na tindo, unazitoboa moja moja na drili bati la juu linaachia lenyewe, na bati jipya unalitoboa vitundu palepale unajaza kwa mashine ya kuchomelea ya MIG. Sakafu tumetumia bati la milimita 1.2. Reli mzee alizikunja mwenyewe kwa nyundo juu ya fuawe lake, kipande cha reli halisi ya treni ambacho amekuwa nacho miaka, bati la milimita 2, nzito kuliko za kiwandani na hapo sikubishana nae. Umeme ulikuwa unakatika katikati ya kazi, jenereta ya kukodi ndogo haiwezi kuvuta MIG, kwahiyo kuna siku tulikuwa tunakaa tunakunywa kahawa tu tunaangalia gari imefunguliwa tumbo.

Madigadi ya nyuma pale juu ya tairi yalikuwa na puti nene, ndani yake wavu wa dirisha. Nilitaka kucheka ila wavu ule ulishika muda wote huo. Tumekata, tumeweka chuma.

Sasa kitu nilichokipenda kuliko vyote. Ndani ya sili, yaani kingo za chini ya milango, na zile reli rangi haifiki, wenzetu wa nje wananunua dawa maalumu ya nta ya kupuliza. Mzee wa reli akasema nta imejaa Tabora, unaagiza ya nini. Kweli, huu ni mkoa wa nyuki. Tukachukua nta safi, ikayeyushwa kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto na sio juu ya moto wenyewe, ikatolewa mbali kabisa na jiko ndo ikachanganywa na oili na mafuta ya taa kidogo, ikiwa vuguvugu inapulizwa na kompresa kupitia kimpira kirefu kinachoingizwa kwenye matundu. Ikipoa inaganda utando. Gari inanuka mzinga mpaka leo, na nyuki wawili watatu huwa wanakuja kukagua.

Baada ya Sabasaba, injini

Hedi ya hizi L inatoka kirahisi lakini kuna mtego mmoja na nauandika hapa kwa herufi za kawaida ila uusome kwa sauti. Cheni ya taimingi inashikwa na tenshena iliyo chini ndani ya kava la mbele. Ukifungua gia ya kamu (shafti inayofungua valvu) juu bila kubana cheni, inalegea, tenshena inaruka kutoka mahali pake, na hapo inabidi uvue kava lote la mbele, sampo, rejeta, siku imeisha. Dawa yake ni kabari ya mti. Unaichonga nyembamba ndefu yenye bega juu, unaishindilia katikati ya pande mbili za cheni ikabane kabla hujagusa gia. Yangu kaichonga fundi seremala wa jirani kwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha mtu. Imefungwa kamba ili isidumbukie, na kabla ya kufungua nikaweka alama ya rangi kwenye cheni na gia.

Ndani nilikuta afadhali kuliko nilivyotarajia. Silinda zina mstari kidogo juu lakini hazijakula, kipenyo bado kinaenda na milimita 86 ya L28, kwahiyo ringi mpya, kusugua kuta za silinda kidogo, beringi mpya, krenki ikapimwa ikarudi ilivyo. Hedi ilikuwa imepinda. Ikaenda kuskimiwa, ila nilimsisitiza fundi atoe kidogo tu, maana kamu ya hizi iko juu, ukila hedi sana unapunguza umbali kati ya krenki na kamu, cheni inalegea, kamu inachelewa. Bahati nzuri gia ya kamu ina matundu matatu ya kufungia, unahamia la pili taimingi inarudi.

Gasketi ya hedi ndo iliyonipa kichomi. Niliagiza Dar, muuzaji nikamwambia vizuri kabisa, injini L28, silinda milimita 86. Kifurushi kikaja na basi, pakiti imeandikwa Datsun, safi, nikafungua nikapima na vernia, matundu ni ya L24. L24 silinda yake ni 83. Ukiifunga hiyo inaingia inakaa na injini inaweza hata kuwaka, lakini midomo ya gasketi inachungulia ndani ya silinda inapigwa na moto kila mlipuko mpaka inaungua. Kumrudishia ikawa mjadala mrefu, mara "hizo zote zinaingiliana bosi", mara tuma nauli. Mwisho kaleta sahihi. Nakushauri hata ukinunua kwa ndugu yako wa damu pima kabla hujafunga.

Valvu nikaseti injini ikiwa baridi, za kuingiza 0.20, za kutoa 0.25. Spana 17 ya lokinati na 14 ya kuzungushia, fila geji ipite na ukinzani kidogo. Kazi tamu, ya kukaa kwenye kigoda na redio.

Nanenane, breki

Hapa ndo naongeza kitu ambacho mzee wa tumbaku hakuwa nacho, na kwa bahati nzuri kimejaa mjini.

240Z mbele ina disiki na kalipa (kibano cha breki) ya pistoni mbili, nyuma ngoma. Kwa gari ya tani moja na kitu kidogo zilitosha, kwa L28 iliyopandishwa kompresheni na dereva mwenye akili zangu hazitoshi. Wenye Z duniani kote wanajua ujanja huu miaka mingi: kalipa ya Toyota Hilux ya fowilidraivu, ile ya kuanzia 1979 mpaka 1985 yenye pistoni nne, mgongoni imeandikwa S12+8, inakaa kwenye strati ya 240Z matundu kwa matundu na inatumia disiki ileile ya kiwandani. Unachokata ni kibati cha kuzuia vumbi nyuma ya disiki, kinagusa. Basi.

Ulaya na Marekani hizo kalipa wanazitafuta. Tabora Hilux ndo gari ya shamba, ya tumbaku, ya miradi, ya kila kitu, ukiuliza gereji tatu umepata. Nilipata pea kutoka kwenye Hilux iliyokatwa, nikafungua, pistoni moja ilikuwa imeshika kutu, seti mpya ya mipira kutoka duka la spea palepale mjini, nikarudisha. Binamu yangu anayeendesha Hilux akaja kuangalia akasema "sasa unaifunga Datsun viatu vya Toyota", nikamwambia gari yenyewe ina moyo wa Patrol, ishazoea.

Kalipa kubwa inataka mafuta mengi zaidi kwa kila kukanyaga kwahiyo pedali inakuwa ndefu. Masta silinda ya 240Z ni ya inchi 7/8, wengi wanaweka ya inchi 15/16 ya 280ZX. Nimeagiza. Mabomba ya chuma yote mapya, hozi zote mpya, hapo hakuna cha kuhifadhi historia. Nyuma ngoma zimebaki, shuu mpya tu.

Springi nimeziacha zilivyonyanyuliwa. Shokapu zilikuwa zimekufa zote nne, bushi zote zilikuwa unga.

Mwezi wa kumi, joto, umeme

Sina mapenzi na nyaya kwahiyo naenda haraka. Kwenye hizi gari umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya kwenye stelingi na kwenye boksi la fyuzi, hakuna rilei, na mzee alikuwa ameongeza taa nne mbele juu ya waya zilezile. Boksi la fyuzi lilikuwa limeyeyuka kona moja. Na ile geji ya ampea kwenye dashibodi, umeme wa gari karibu wote unapita pale nyuma yake, kontakti ikilegea panachemka.

Fundi umeme, kijana mdogo, mkali sana, kaweka rilei za kawaida za Toyota, ya mwanga wa chini moja, ya mwanga wa juu moja, za taa za ziada mbili, waya mnene moja kwa moja kutoka betri ikiwa na fyuzi yake, na swichi ya zamani sasa kazi yake ni kuamsha rilei tu. Taa zikawaka nyeupe, tukamulika ukuta wa jirani usiku akatoka nje.

Taa nne za ziada zimebaki. Zina wavu wa mawe, wavu mmoja umepinda, ushaulizwa kunyooshwa nikakataa.

Mvua za kwanza

Imewaka.

Nilizungusha kwanza stata plagi zote zikiwa nje mpaka geji ya oili ikapanda, nikarudisha plagi, nikakagua waya kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, na kabureta zile mbili za Hitachi nikazianzia nati za chini raundi mbili na nusu kutoka juu. Kikohozi, moshi, dogo anapiga kelele zima zima, mi nikaona ni oili ya kujengea ringi inaungua, nikaiacha. Moshi ukaisha.

Ila ilikuwa inakula mafuta na plagi nyeusi tii. Kumbuka Tabora tupo kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, mchanganyiko uliosetiwa kwa hewa ya pwani huku unakuwa mzito. Raha ya kabureta hizi ni kwamba hubadilishi jeti, unapandisha nati kidogo unasikiliza. Nikapandisha ya kwanza, ya pili, nikalinganisha mvuto kwa kimpira sikioni, mlio wa mashine ukatulia. Oili ya kwenye vifuniko vya pistoni za kabureta nimeweka nyepesi, namba 20, ukiacha kavu gari inajikwaa ukikanyaga.

Nikaenda nayo njia ya Kwihara, kulekule kwenye tembe la Livingstone, barabara ya vumbi imelowa kidogo. Hapo ndo nilielewa springi za mzee. Gari ya michezo iliyo chini ingekwangua kila kona, hii inapita tu, bamba linagonga jiwe mara moja moja, kengele, unaendelea. Gia ya tatu inavuta kutoka chini kabisa bila kulalamika, hiyo ni Patrol inaongea. Breki za Hilux, nilikanyaga mara moja kwa nguvu kwa ajili ya mbuzi na abiria wangu akaja kugusa dashibodi. Masta mpya bado haijafika na pedali ni ndefu kweli, kwahiyo mwendo wa polepole mpaka ifike.

Kilichobaki. Difu ina mlio ukiachia mafuta, oili yake ilikuwa nyeusi nimebadilisha, nasikilizia. Mpira wa kioo cha mbele umekauka, mvua ikipiga maji yanaingia na sitaki tena sakafu ya mzee wa reli ionje maji. Rangi ndo ugomvi nyumbani, mama anataka nyeupe, mi nimeshaamua nyekundu ya mzee ibaki kote inaposhika, panapobadilishwa bati tu ndo pachanganyiwe rangi ifanane, boneti irudi nyeusi isiyong'aa maana jua la saa tisa likipiga kwenye boneti inayong'aa huoni njia.

Na mlango wa nyuma. Z ina ugonjwa wake, ukienda kasi madirisha wazi moshi wa ekzosi na vumbi vinavutwa ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma, ulioisha unavuta mara mbili. Wa kwake sijaupata. Kwa sasa nimekata mpira wa mlango wa Hiace nikaubandika na gundi, unakaa upande wa kulia, wa kushoto unachomoka kwenye kona. Fundi rangi anataka aanze na boneti, nimemwambia asiguse kitu mpaka kona ile ishike, maana hapo ndo vumbi litaingilia kwenye rangi mbichi.